Nimeuziwa matairi ya mashindano kwa gari la barabarani, sasa naambiwa kosa ni mguu wangu

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Siku tisa zilizopita gari langu liligeuka nyuma mbele kwenye manyunyu ya mvua, mama watoto akiwa kiti cha mbele na binti yetu wa miaka 6 akiwa nyuma. Spidi haikufika 50. Tulikuwa tunatoka kwenye mzunguko, gia ya pili, nikakanyaga mafuta kidogo, turbo (kifaa kinachoiongezea injini nguvu) ikaamka, nyuma yote ikaondoka. Gurudumu la nyuma kushoto likapiga ukingo wa barabara na rimu ikapinda. Hatukuumia, namshukuru Mungu. Lakini mwanangu hadi leo akiona wingu anauliza kama ni lazima twende na gari.

Matairi yalikuwa na wiki tatu tangu yafungwe.

Gari langu linasukumwa na magurudumu ya nyuma na injini yake ina nguvu za farasi 420. Nilipokwenda kwa muuzaji nilisema hivyo mwenyewe bila kuulizwa. Yeye aliuliza kitu kimoja tu: rimu inchi ngapi? Nikamjibu 18. Hakuuliza naendesha wapi, kama kuna mvua, kama nabeba familia, wala hakuinama kusoma kilichoandikwa kwenye matairi ya zamani. Akatoa matairi yenye kashata kubwa (vile vipande vya raba vya usoni) na mifereji michache, akasema, "Bosi, gari lenye nguvu linafungwa haya. Ona, yana AA ubavuni, haliachi barabara hili." Nikamwamini, kwa sababu yeye ndiye anayekula kwa kazi hiyo.

Baada ya ajali nimekaa sakafuni na tochi nikasoma kila herufi. Niwaambie nilichokuta.

Kwanza hiyo AA. Ni daraja la kushika barabara iliyolowa, kweli, lakini hupimwa kwa breki, tairi likivutwa kwenye mstari ulionyooka. Kona haimo kabisa kwenye kipimo hicho. Wala kutoka kwenye mzunguko huku injini inasukuma. Mtu anayeuza matairi kila siku anajua hilo, au anapaswa kulijua kabla ya kufungua mlango wa duka.

Pembeni ya AA kuna namba 200. Hiyo inaeleza raba inaisha haraka kiasi gani: namba ikiwa ndogo, kwa kawaida raba ni laini na inaisha upesi. Kila kiwanda hujipangia namba yake baada ya majaribio, kwa hiyo 200 ya huyu na 200 ya yule hazifanani. Lakini matairi mengi ya kundi hilo yametengenezwa kwa watu wanaokwenda kushindana siku za mapumziko na kurudi nyumbani na gari hilohilo. Yanataka joto ndipo yashike. Kwenye uwanja, baada ya mizunguko miwili mitatu, raba imechemka na inanata kama gundi. Mimi namshusha mtoto shule asubuhi, lami ina maji, raba haijapata joto lolote. Na ile mifereji michache iliyonivutia dukani ndiyo ilipaswa kutoa maji chini ya tairi. Maji yakikosa njia ya kutokea, tairi linapanda juu yake, na hapo usukani hauna kazi tena.

Wakuu, sehemu ya tairi inayogusa lami ni kama kiganja cha mkono. Farasi wangu wote 420 wanapita kwenye viganja viwili vya nyuma. Ndiyo maana nasema gari lenye nguvu ndilo linalohitaji kuulizwa maswali mengi kuliko yote, na ndilo linalouziwa kwa macho.

Sasa saizi. Gari lilitoka kiwandani na 245/40R18 97Y (245 ni upana wa tairi kwa milimita, 18 ni inchi za rimu). Nimefungiwa 265/35R18 93W, "ili lishike zaidi". Ile 97 maana yake tairi moja linabeba kilo 730. 93 ni kilo 650. Nimepunguziwa kilo 80 kwa kila gurudumu bila kuambiwa neno. Y ni kilomita 300 kwa saa, W ni 270. Sikimbii hivyo na sitakimbia, ila herufi hiyo inaeleza pia tairi linavyostahimili joto, na aliyetengeneza gari hakuichagua kwa kubahatisha.

Na huo upana wenyewe! Rimu zangu zina upana wa inchi 8. Tairi la 265/35 linataka rimu ya kuanzia inchi 9. Likilazimishwa kwenye 8, mbavu zinabanwa ndani, uso wa tairi unajikunja kama mgongo wa kobe, na kwenye kona tairi linayumba juu ya rimu. Nimelipia upana ambao lami haiuoni. Halafu hata ukiwa na rimu sahihi, tairi pana linaelea kwenye maji mapema kuliko jembamba, kwa sababu lina maji mengi zaidi ya kusukuma kando. Mumo humu kila anayeuliza matairi ya gari la kasi anajibiwa "weka pana mkuu". Naombeni muache. Muulizeni kwanza upana wa rimu yake na anaendesha kwenye nini.

Kilichonichemsha damu kuliko vyote ni tarehe. Ubavuni, mwisho wa namba za kiwanda, kuna tarakimu nne: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Mawili yameandikwa 4122, wiki ya 41 ya mwaka 2022. Mawili mengine 0919, yaani wiki ya 9 ya mwaka 2019. Nimeuziwa seti moja, bei moja, "mapya bosi", kumbe ndani yake kuna mawili yaliyokaa stoo miaka zaidi ya mitatu kuliko wenzake. Raba hukauka na kuwa ngumu hata kama haijagusa barabara. Na yale makongwe yamefungwa nyuma, kwenye magurudumu yanayosukuma gari! Tena tarehe za makongwe zilielekezwa upande wa ndani, huwezi kuziona mpaka ulale chini ya gari. Sitaki kusema ilikuwa makusudi. Nataka nielezwe.

Upepo nao walijaza PSI 44 wakati kibandiko cha mlango wa dereva kinasema 35. Fundi aliusoma ubavuni mwa tairi, pale palipoandikwa kiwango cha juu kabisa ambacho tairi halipaswi kuzidi. Hapa nami nina lawama, ningepima nilipofika nyumbani. Sikupima.

Nimerudi dukani na picha zote. Muuzaji aliangalia mbili, akanirudishia simu. Jibu lake: "Gari lako lina nguvu sana bosi, jifunze mguu." Nimeendesha miaka 17. Gari hili hili nimelipitisha kwenye mvua misimu minne na matairi yake ya 245, likiwa na farasi walewale, na halikuwahi kuyumba hata siku moja. Kilichobadilika ni raba. Mguu ni uleule.

Nimeagiza 245/40R18 97Y ya kawaida ya lami kavu na mvua, seti nzima iliyotengenezwa mwaka uleule, na nimesema wazi kwamba nitasoma tarakimu kabla fundi hajagusa rimu. Haya manne yapo stoo. Kuna mtu ameshanipigia akitaka kuyanunua kwa ajili ya gari la mdogo wake, nimemkatalia.

Aliyewahi kurudisha matairi yaliyokwisha kufungwa na akarudishiwa fedha, aniambie alianzia wapi na alipeleka ushahidi gani. Risiti ninayo, ila imeandika "matairi 4 R18" tu, haina saizi wala tarehe.