Mdogo wangu kaacha chuo eti Yesu anarudi kabla mwaka haujaisha, naombeni ushauri

Dada Mkubwa:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mdogo wangu wa kiume yuko mwaka wa pili chuo, tangu mwezi wa kumi haingii darasani, anashinda na video za mhubiri mmoja (simtaji) anayesema kapiga hesabu za Danieli na Ufunuo na Bwana anarudi kabla ya tarehe 31 Desemba. Mtihani hakufanya, anasema cheti cha kazi gani. Nguo zake kagawa kabaki na suruali mbili. Nikimwambia hakuna aijuaye siku wala saa ananijibu siku na saa hatuzijui ila mwaka tunaujua, hapo nakosa la kusema.

Na kinachoniuma zaidi ni mimi mwenyewe. Mwezi wa nne tulimzika mama. Toka siku ile mtu akisema Yesu yu karibu kurudi nasikia ubaridi tu moyoni, maana nimeyasikia kila mkesha wa mwaka mpya tangu nabebwa mgongoni na mwaka unaisha unaingia mwingine. Sasa namrekebishaje mtoto kwenye kitu ambacho hata mimi sijui kama bado nakingojea? Msinihukumu jamani.

Taa na Mafuta:
Pole sana dada. Hilo la mwaka mpe Matendo 1:7, Yesu anawaambia wanafunzi si kazi yao kujua nyakati wala majira, na mwaka si ni majira? Halafu msimulie habari za William Miller kule Marekani, wafuasi wake walingoja tarehe 22 Oktoba 1844, wengine waliacha mazao yasivunwe, kesho yake walilia mpaka basi. Juzi juzi tu 2011 Harold Camping wa redio akatangaza tarehe 21 Mei, ikapita, akasogeza mpaka Oktoba, ikapita, mwaka uliofuata akakiri mwenyewe kwamba kutabiri tarehe ilikuwa dhambi. Mdogo wako si wa kwanza.

Kijana wa Kwaya:
Mi naona muache tu, Januari ikifika akili itamrudia yenyewe.

Dada Mkubwa:
@Kijana wa Kwaya Januari ndo naiogopa. Akiamka tarehe 1 na Bwana hajaja, nina hofu atatupa imani yote, si hiyo tarehe peke yake.

Bibi wa Shule ya Jumapili:
Mwanangu, hizo video alianza kuzifuata lini hasa?

Dada Mkubwa:
Mwezi wa tano bibi, wiki chache baada ya mazishi.

Bibi wa Shule ya Jumapili:
Nilidhani hivyo. Huyo mtoto hautamani mwisho wa dunia, anamtamani mama yake, na kuna mtu kampa tarehe ya kumuona.

Kaa usome barua mbili za Wathesalonike taratibu. Kanisa lile moja lilikuwa na wewe na mdogo wako ndani yake. Kulikuwa na waliofiwa wakadhani wafu wao wameachwa nyuma, Paulo akawaandikia sura ya 4 kwamba Bwana atakapokuja waliolala katika Kristo watafufuka kwanza, akamaliza kwa kusema wafarijiane kwa maneno hayo. Hakuwakataza kulia, aliwakataza kulia kama wasio na tumaini. Na barua ya pili inaonyesha kuna waliofadhaishwa na habari kwamba siku imeshafika, hata waraka wa kudai umetoka kwa Paulo anautaja (ni kama hizi meseji za kusambaza), na tena wapo walioacha kazi, akawaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe.

Kwa hiyo usianze na hesabu za yule mhubiri, utashindana naye mpaka alfajiri. Anza na mama. Na huo ubaridi wako usiuogope, Maranatha ni neno la watu waliochoka kungoja, Bwana wetu njoo, mtu aliyeshiba hana haja ya kuliita. Mimi nimezika mume na watoto wawili na ninaliita kila asubuhi kabla sijainuka kitandani, siku nyingine bila kusikia chochote moyoni.

Taa na Mafuta:
Bibi umenifunga mdomo. Dada sahau yale ya 1844 kwanza, anza na haya.

Dada Mkubwa:
Wapendwa narudi kuwapa mrejesho. Jana usiku nilimfuata chumbani, sikugusa habari za video, nikamsomea ile sura ya 4 nikamwambia namkumbuka mama. Alikaa kimya muda mrefu halafu akauliza, dada, mama atatujua? Tulilia wote, toka mazishi sikuwahi kumuona akilia. Chuo bado hajakubali na tarehe yake hajaiacha. Nimemwambia usiku wa 31 nitakesha naye, tutaomba Bwana aje kweli, na asipokuja usiku huo, chuo wakifungua tunakwenda wote kuulizia mtihani wa marudio. Kasema sawa, ila suruali hazirudishwi.