Tupeane uzoefu: mliowahi kuishi na kazi za George Lilanga nyumbani

Mrithi wa Ukonga
Wakuu salaam. Kwenye kugawana vitu vya marehemu baba, ndugu zangu wamebeba friji, runinga na kabati. Mimi nimeangukiwa na picha ambayo hakuna aliyeitaka. Mashetani wamebanana kama abiria wa daladala la saa kumi na moja jioni: masikio mapana, midomo wazi, vidole viwiliviwili, mmoja kabeba chungu, mwingine anamvuta mwenzake shati. Nyuma kuna sentensi ndefu ya Kiswahili na jina Lilanga.

Kwa wasiomjua, ni Mmakonde wa upande wa Masasi, alizaliwa 1934 na kufariki 2005. Alianza kwa kuchonga. Alipokuja Dar, ndugu yake Augustino Malaba, naye mchongaji, alimsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii pale mjini. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi! Waliokuwepo walipoona anachochonga, mlinzi akageuka msanii, akaongeza batiki, picha za kuchapa na kupaka rangi kwenye ngozi ya mbuzi. Mwaka 1978 kazi zake zikaoneshwa Washington.

Mwenye kisa chake alete.

Mama Wawili
Mimi nilikuwa na kinyago chake kidogo sebuleni, cha rangi, tumbo mbele, anacheka. Mama mkwe alipokuja kuuguza mjukuu alikaa nacho siku ya kwanza kimya. Ya pili nikakuta kimefunikwa kitenge. Ya tatu kiko stoo. Nikamuuliza, "Mama, kimekukosea nini?" Akasema, "Mwanangu, hicho kinanitazama nikisali." Sikubishana na mama mkwe. Alipoondoka nikakirudisha. Akija tena nakificha mwenyewe, amani itawale.

Fundi Mpingo
Mama Wawili umenichekesha, ila mwambie mama mashetani hao si wale wa kwenye mahubiri. Kwetu Wamakonde mashetani ni viumbe vya porini, wana visirani, wana utani, wengine wanasaidia na wengine wanasumbua. Kuwachonga kwa mtindo huu kulishika kasi miaka ya 1950, mzee Samaki Likankoa anatajwa kuwa ndiye aliyefungua njia.

Mimi nimejifunza kuchonga kwa mjomba, pale Mwenge kwa wachonga vinyago. Mpingo haukuachii ufanye fujo. Unaanza na tezo kutoa ganda na ule weupe wa nje, unafika kwenye weusi, ndipo patasi inaingia, halafu tupa, halafu msasa mpaka vidole vife ganzi. Ukikuta ufa katikati, umbo lote linabadilika, shetani wa miguu miwili anakuwa wa mguu mmoja. Mjomba alikuwa anasema gogo ndilo linaloamua.

Lilanga alichofanya, kwa jicho la fundi, ni kuuacha mpingo. Akachukua miti laini akaipaka rangi kali. Wazee wengine walinung'unika kwamba kinyago kikishapakwa rangi si kinyago. Mimi nasema alitutoa kifungoni. Kwenye mti laini mkono unakwenda haraka, unaweza kuchonga mtu anaendesha baiskeli, anakunywa pombe, anagombana na mkewe. Mashetani wake wanaishi uswahilini na sisi.

Mbeba Boksi
Mimi nilikutana na kazi zake Düsseldorf, Ujerumani, 2004, kwenye maonesho ya sanaa ya Africa Remix. Nimeingia kwa sababu nje kulikuwa na baridi, sikuwa na habari na sanaa. Nageuka, naona watu wetu wale. Wazungu wameinamia wanasoma maelezo kwa heshima, mimi nacheka peke yangu kama mwehu, maana najua kabisa yule wa pembeni anasengenya. Nimekulia Dar, nimepita nje ya Nyumba ya Sanaa mara ngapi nikienda Posta, sikuwahi kuingia. Iliniuma kidogo.

Kidagaa
Na mimi nieleze machungu. Nilinunua "Lilanga" kwa muuzaji mmoja mjini, sitamtaja. Rangi safi, sahihi kubwa. Jamaa anayejua akaitazama kidogo tu: "Hii haijafika hata mwaka." Mzee alishafariki zamani. Sasa hapo kuna utata mwingine: mzee aliugua kisukari, akakatwa miguu, na miaka ya mwisho vijana walikuwa wanamsaidia kazi. Kwa hiyo kuna zake za mkono wake, kuna za pamoja, na kuna za matapeli. Tatu hizo usizichanganye.

Mrithi wa Ukonga
Kidagaa umenitia wasiwasi. Yangu ubao wa nyuma umekuwa kahawia na misumari ina kutu. Baba aliipata kabla sijaanza shule, hilo nina uhakika nalo. Ina vumbi sana, niifute na nini?

Fundi Mpingo
Brashi laini kavu, basi. Usiguse mafuta ya taa wala maji ya sabuni, na itoe ukuta unaopigwa na jua la mchana. Ile sentensi ya nyuma ipige picha kabla wino haujafifia, alipenda kuandika kirefu kinachoendelea mle ndani.

Dalali Hewa
Mkuu, nina laki mbili mkononi. Njoo inbox.

Fundi Mpingo
Laki mbili nunua fremu.