Ukoo wa Mzee Mbwana 🌴

Asha 19:04
Jamani salaam. Gazeti letu la mtandaoni limegoma tena, linasema tumefikia kikomo cha vifaa. Akaunti inaruhusu vitatu tu. VITATU. Kila aliyeingia ajitaje hapa, na kwa simu gani.

Asha 19:16
Tiki za buluu naziona. Mmesoma wote.

Hassani 19:18
Mimi sijaingia, iliyoingia ni simu 😂

Asha 19:18
Hassani sina utani leo.

Zuhura 19:20
Da Asha, mimi niko kwenye simu tu. Na kompyuta ya kazini, ila pale nafungulia Chrome, si kwenye programu yao.

Asha 19:21
Nayo wanaihesabu! Na kila ukifuta data za Chrome ukaingia upya, wanakuona mgeni mwingine. Ndiyo maana orodha haiishi.

Shangazi Mwanaidi 19:25
Na ile simu yangu iliyoibwa Kariakoo?

Asha 19:25
Bado imo, Shangazi.

Hassani 19:26
Kumbe mwizi naye anasoma tahariri kila asubuhi. Atoe elfu mbili yake kama sisi

Zuhura 19:26
🤣🤣 muunge kwenye grupu

Bamdogo Salehe 19:31
Yanga wanaanza saa ngapi?

Bamdogo Salehe 19:33
Halafu kwani lazima kulipia? Kuna grupu wanarusha PDF ya gazeti zima alfajiri, bure.

Asha 19:34
Huo ni wizi, Bamdogo. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999.

Bamdogo Salehe 19:36
Wizi? Aliyekula hela ya king'amuzi ndiye wa kuambiwa hayo.

Shangazi Mwanaidi 19:37
Salehe. Tulikubaliana hilo haliongelewi humu.

Bamdogo Salehe 19:37
Nimemtaja mtu?

Hassani 19:38
_Ujumbe huu umefutwa_

Asha 19:41
Turudi kwenye mada. Netflix walianza kuwabana wanaoazimana pasiwedi 2023, magazeti nayo yako njia hiyohiyo. New York Times 2025 wametoa kifurushi cha familia, watu wanne, kila mtu na akaunti yake. Letu halina hicho, masharti yanasema mtu mmoja. Kwa hiyo natoa vifaa vyote, nabadili pasiwedi, tunachagua watatu.

Zuhura 19:42
Watatu gani?

Babu 20:02
Assalaam aleikum. Gazeti hili mlisema mmeninunulia mimi, kwa kuwa kwenye tableti naweza kukuza herufi. Tangu Ijumaa silioni. Nilidhani fedha imekwisha, nikanyamaza nisiwasumbue. Msigombane.

Hassani 20:13
Shikamoo Babu. Nimeshatoka.

Zuhura 20:14
Shikamoo Babu. Na mimi, kote kuwili.

Shangazi Mwanaidi 20:15
Tuwie radhi baba.

Asha 20:17
Wa kwanza ni Babu, hilo halina mjadala. Nafasi mbili tutaziongea. Nimebonyeza kutoa vifaa vyote, wametuma tarakimu sita kwa namba ya Bamkubwa Juma, ndiye aliyefungua akaunti. Zinakufa baada ya dakika kumi.

Asha 20:22
Bamkubwa?

Asha 20:40
Nani ana namba ya mtu anayekaa naye huko Muscat?

Bamdogo Salehe 20:47
GOOOLI

Bamkubwa Juma 23:52
Nilikuwa zamu. Ziliingia namba mara tatu, nikajua matapeli, nikafuta. Na la king'amuzi nimelisoma, Salehe.

Asha 23:53
Bamkubwa usilale, naomba nyingine sasa hivi.

Bamdogo Salehe 23:55
Kaka, sikukutaja wewe.

Asha 23:58
Bamkubwa, NAMBA.