Mfupa wa mtoto uliokataa kuunga: tupeane uzoefu

Mama wa Langoni:
Assalaam aleikum, ndugu zangu wa Amu na wa bara. Mifupa ya watoto huunga upesi, ndiyo maana mzazi ambaye mfupa wa mwanawe umekataa hujiona yuko peke yake. Waliopitia upasuaji, naomba mtueleze.

Binti yangu alizaliwa na muundi, yaani mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti, uliopinda kuelekea mbele na nje, na alipoanza kutembea ukavunjika bila kuanguka. Hali hiyo ni nadra, na karibu nusu ya watoto walio nayo wana nurofibromatosisi, maradhi ya vinasaba yanayoonyesha madoa ya rangi ya kahawa kwenye ngozi. Yake yalikuwa mgongoni, na bibi yake akiyaita alama za kuzaliwa. Plasta pekee haikuweza kumfaa, kwa sababu utando unaouzunguka mfupa wenyewe ndio wenye ugonjwa. Alipokua kidogo, madaktari waliuondoa utando huo, wakapandikiza mfupa uliotolewa nyongani, wakapitisha chuma ndani ya muundi, kisha wakafunga nje fremu ya pete, inayoshikwa na pini zinazopenya ngozi hadi mfupani, ya aina aliyoibuni daktari Ilizarov kule Siberia katika miaka ya 1950.

Kazi kubwa ilikuwa nyumbani. Kila tundu la pini nililisafisha kwa pamba safi, nikitazama wekundu na usaha, na mguu ulipohitaji kurefushwa tulizungusha nati robo milimita mara nne kwa siku, yaani milimita moja tu, ili mfupa mpya upate nafasi ya kuota.

Baba wa Mokowe:
Wa aleikum salaam, dada. Wangu alianguka mwembeni akaumia kiwiko upande wa nje, babu yake akamfunga vibanzi, maumivu yakapoa. Kumbe kipande cha mfupa kilikuwa kimevunjika, nacho hakikuunga, kwa kuwa misuli hukivuta na majimaji ya kiungo hukizunguka. Mkono ukapinda, na baadaye vidole viwili vya mwisho vikaanza kufa ganzi. Alitiwa skrubu na kupandikizwa mfupa. Kiwiko cha mtoto kilichovimba kipigwe eksirei mapema, hata kama analala vizuri usiku.

Dada, je, muundi ukishaunga huweza kuvunjika tena?

Mama wa Langoni:
Huweza, kaka, hasa kabla mtoto hajamaliza kukua. Ndiyo maana binti yangu bado huvaa kifaa cha kuukinga mguu, hata akienda madrasa, na hupigwa eksirei kila anaporudi kliniki.