Ile noti ya D ya jana kwenye shoo ya jazi haisameheki!

Mnawajua, sina haja ya kuwataja. Wale watatu, piano, besi na ngoma, wa "heshima kwa wapiga piano waliotangulia". Heshima gani ile? Kufika zamu ya mpiga piano Bill Evans, jamaa wa piano kashusha mkono wa kushoto hadi shimoni, kagonga D juu ya D ya besi. D juu ya D jamani!

Kwenye Dm7, kundi la noti zinazopigwa pamoja, mkono wa kushoto unashika F, A, C, E katikati ya piano, basi. Likija kundi la G7 unashika F, A, B, E. Kidole kimoja tu kinasogea, C inashuka B. Hizo D na G, noti za msingi za makundi hayo, ni mali ya mpiga besi. Ndiyo maana Scott LaFaro, mpiga besi wa Evans, 25 Juni 1961 pale klabu ya Village Vanguard, New York, alizunguka alikotaka. Siku 11 baadaye akafa ajalini, halafu leo mtu anamfukia kwa D! Sauti za piano na besi zikipishana kidogo tu kule chini, unabaki mvumo wa jenereta. Mpiga besi kakimbilia juu, jamaa kamfuata na D ileile. D!

ToaziKavu: Mkuu, D moja imekunyima usingizi? Msiba ulikuwa zamu ya Ahmad Jamal. Kwenye wimbo wake "Poinciana" wa 1958, mpiga ngoma wake Vernel Fournier alishika kirungu laini mkono mmoja, fimbo mkono mwingine. Huyu mpiga ngoma wetu wa jana fimbo mbili, kama anafukuza nyani.

Mwanzisha uzi: Tunaongelea D.

KushotoTu: Na Erroll Garner? Mkono wake wa kushoto unakwaruza mipigo minne kama gitaa, bila kuyumba. Wa kulia ndio unaovuta nyuma. Jamaa kachelewesha mikono yote miwili. Huko ni kuchelewa tu!

Bibi Noti: Pale Thelonious Monk alipoacha kimya, jamaa kamwaga noti za Art Tatum, yule wa noti nyingi, ndoo nzima.

Mwanzisha uzi: Sawa, ila ile D...

BesiYaMbao: Achaneni na D. Spika ya besi ilitazama snea, ile ngoma yenye nyaya chini ya ngozi, kila noti ya chini nyaya zinalia chrrr. Solo nzima ya besi imeliwa.

ToaziKavu: Kweli! Nilidhani spika imepasuka.

KushotoTu: Dawa yake nini, kukaza nyaya?

BesiYaMbao: Ukikaza sana unaua sauti ya snea. Geuza spika, na solo ya besi ikianza shusha kile kiwiko cha pembeni ya snea, nyaya ziachie ngozi.

KushotoTu: Kikishushwa haraka si kitalia "klak"?

BesiYaMbao: Kishikilie kwa kidole gumba, kishuke taratibu.