Naomba ushauri: turbo mpya, lakini moshi wa bluu

Wakuu, habari zenu. Nina gari dogo la turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini), injini ya lita 1.6, nalitengeneza mwenyewe nyumbani. Turbo ya zamani ilikufa, shafti ikicheza mpaka mapanga yakakwaruza nyumba yake. Nimefunga mpya, nimebadilisha oili na filta.

Sasa nikiiacha ingurume dakika 5 bila kukanyaga mafuta, halafu nikikanyaga, unatoka moshi wa bluu mzito, yaani kuna oili inaungua. Barabarani inavuta vizuri kabisa. Nilifungua paipu ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) nikapitisha kidole: kimetoka cheusi, kinateleza kwa oili. Huenda ni mabaki ya turbo ya zamani, maana intakula sikuiosha. Ila wasiwasi wangu mkubwa ni paipu ya kurudisha oili ya turbo kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Oili hushuka humo kwa uzito wake tu, na yangu ina kona kali, tena nilipaka silikoni kwenye gasketi, huenda imeziba njia. Kompresheni (mgandamizo wa hewa) iko sawa silinda zote 4.

Nianze na paipu hiyo, au nikague kwanza njia ya kupumulia ya injini (paipu inayotoa gesi zilizojaa ndani yake)? Aliyewahi kukutana na hili anisaidie, sitaki kuua turbo ya pili.