Naomba ushauri: mswada umeisha, mchapishaji anataka hela kwanza

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 47, fundi wa mitandao ya kompyuta hapa Mbeya. Baridi ya Julai mwaka juzi, nikikesha na seva iliyogoma kule Uyole, nilianza kuandika visa vya mama muuza viazi wa Mwanjelwa nyuma ya daftari la ripoti za kazi. Sasa ni riwaya ya kurasa 140 (mke wangu ameshaanza kumwonea wivu huyo mama). Mwalimu mmoja wa Kiswahili kaisoma: mazungumzo yako hai, ila sura ya kwanza inasomeka kama maelekezo ya kufunga ruta. Kweli, nimeiandika upya mara tatu. Mchapishaji niliyempata anataka nilipe gharama zote za uchapaji kwanza. Je, ndiyo kawaida? Na nisajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kabla sijampa mtu mwingine mswada?